Malaria "imejificha" wapi, wadogo zangu?

Nimepitia rejesta ya OPD, ya wagonjwa wa nje, nikakasirika, halafu nikacheka, maana ni mambo yetu ya zamani kwa mwandiko mpya. Homa, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi, ALu (dawa ya malaria). Homa, mRDT hasi, ALu na sipro, antibayotiki. Safu ya majibu imejazwa vizuri kabisa, ila aliyeandika dawa ni kama hakuitazama.

1. Kipimo kikikukatalia, usikitafutie kesi. mRDT ikitoka chanya hakuna anayeuliza kitu. Ikitoka hasi, kila mtu anageuka mtafiti: kitendanishi kimeharibika, damu ilikuwa kidogo, rudia, tuma BS, damu ikatazamwe kwa hadubini. BS nayo hasi? Tuma Widal, kipimo cha taifodi, ambayo haijawahi kumnyima mtu jibu. Yote yakigoma, basi "malaria imejificha". Na chanya ndiyo wakati mwingine ingestahili maswali: aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita bado anaweza kuonyesha mstari, kwa sababu kipimo kinanasa protini ya HRP2, na hiyo hubaki kwenye damu hata vimelea vikishakufa.

2. Soma hata usiyoyapenda. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa kama malaria kali. Waliokutwa na vimelea ni asilimia 46 tu. Katika hao walikufa karibu asilimia 7. Wasio na vimelea walikufa asilimia 12, na theluthi mbili yao hawakupewa antibayotiki yoyote.

Mimi niliusoma. Nikasema huko ni kwao, huku kwetu mbu wanabeba mtu na godoro. Kisha akaja mama na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, homa siku ya pili, mRDT hasi. Mtu wa maabara, kijana mpole, akaja mwenyewe mlangoni: "Dokta, hii ni hasi, nimerudia." Nikamwambia yeye asome mistari, mimi nasoma wagonjwa. Foleni ilicheka na mimi nikafurahi. Nikaandika ALu. Fulana ya mtoto sikuipandisha. Mama alisema anakohoa, nikasikia "anakohoa" kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Alirudi mtoto mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka, hanyonyi. Nimonia. Oksijeni ya kituo ilikuwa imeisha, tukampandisha gari la wagonjwa kwenda wilayani, na njia nzima nilikuwa natunga maelezo: labda ni malaria kali, labda alichelewa. Hata pale, wadogo zangu! Mtoto alipona, kwa mikono ya wengine. Kijana wa maabara hakunisema neno, ila tangu siku hiyo majibu yake alikuwa anatuma kwa karatasi.

3. Hesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Miezi 2 hadi 11, 50 na kuendelea ni haraka. Mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40. Watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakachapishwa 2014: malaria ilikuwa kama mmoja kati ya kumi, maambukizi ya njia ya hewa zaidi ya nusu.

4. Kabla hujaandika, jiulize: jibu lingekuwa kinyume, ningebadilisha dawa? Kama hapana, usitoboe vidole vya watu bure.

5. Mama atauliza, "Kwa hiyo hana kitu?" Usimjibu ndiyo. Amelipa nauli, amekaa foleni, mtoto anachemka. Ukimwambia hana kitu, ataishia duka la dawa na ALu atapewa hukohuko. Mwambie alicho nacho, mwonyeshe dalili za kumrudisha haraka, mpe siku ya kurudi. Na anayeniambia hana muda wa kuhesabu pumzi, aje anionyeshe simu yake ilikuwa inafanya nini saa nne asubuhi.