Mvua ya kwanza haisubiri barabara ikauke

Wiki hii nimeletewa jedwali la vipimo vya hewa ukaa inayotoka kwenye udongo, kutoka Misungwi. Septemba ipo, Novemba ipo, katikati hapakupimwa, pamepigwa tu mstari ulionyooka wa kuunganisha namba hizo mbili. Mstari huo naujua, niliwahi kuupiga mimi mwenyewe. Wadogo zangu mnaoanza kupima kaboni, nisikilizeni.

1. Pete, yale mabomba mafupi ya duara yanayokaliwa na mashine ya kupimia, zizikwe ardhini angalau siku moja kabla. Ukipigilia na kupima hapo hapo, unapima hewa ukaa uliyoitibua wewe.

2. Nyasi hupumua mchana na usiku, lakini hunyonya hewa ukaa kukiwa na mwanga tu. Pimeni na usiku. Nendeni wawili, na mwenyekiti wa kitongoji awe na taarifa.

3. Mvua ya kwanza. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa kwanza nilipima ngitili, yaani malisho yaliyotengwa ya Wasukuma, ya mzee mmoja kuanzia Juni, kila baada ya wiki mbili. Namba zilikuwa chini kabisa: udongo una joto, ila umelala. Nilifundishwa kwamba joto ndilo linaloendesha upumuaji wa udongo, na ni kweli kule ambako baridi ndiyo kizuizi. Usukumani joto lipo mwaka mzima, kinachokosekana ni maji.

Oktoba ikanyesha usiku kucha. Mzee akanipigia alfajiri: "Mwanangu, mvua imefika." Nikafikiria tope la mbuga, pikipiki kukwama, mashine kulowa. Nikamjibu nitakuja ikikauka. Nilifika siku ya nane, majani yameshachipua. Akaniambia, "Ardhi ilinuka siku tatu, sasa imenyamaza."

Siku hizo tatu ndizo nilizokuwa nimezisubiri miezi minne. Vijidudu vilivyolala kiangazi chote vikipata maji huamka na kula kwa pupa, hewa ukaa ikafumuka siku chache, kisha ikashuka. H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Kenya, alilichapisha jambo hilo mwaka 1958, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Nilikuwa nimelisoma! Bado nikapiga mstari, nikawasilisha, ngitili ikaonekana inahifadhi kaboni kuliko hali halisi. Msimamizi wangu aliuliza tu, "Mvua ilinyesha lini?" Sikulala usiku ule. Kilichoniuma zaidi ni yule mzee, aliyeamka gizani na kutumia vocha yake kuniita.

Mwaka uliofuata nililala kwake. Kulipopambazuka nilikuwa nimechuchumaa kwenye pete ya tatu, tope mpaka magotini, namba ikapanda hadi nikadhani mashine imeharibika. Pete ya nne, vivyo hivyo. Mzee alikuwa amenishikia mwavuli juu ya mashine, si juu yangu.

Nchi kavu ya dunia humeza karibu asilimia 30 ya hewa ukaa tunayoitoa binadamu. Kiasi hicho hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutoka kwenye maeneo makame kama haya. Mstari wako unafuta hicho hicho tunachokitafuta.

4. Mafunjo ya kando ya ziwa msiyapime kwa mawazo ya ngitili. Kule maji huzuia oksijeni, mabaki hayaozi upesi, kaboni hujilundika chini. Likikaushwa bwawa ili palimwe mboga, ndipo inapoanza kutoka. Kabla hujawasha mashine, pima kina cha maji.