Ripoti ya kidato cha kwanza: kabla hujamgombeza, omba karatasi za mtihani

Assalamu alaykum wazee wenzangu. Naandika haya mana msimu wa ripoti umefika na tangu juzi simu yangu haipoi, jirani, shemeji, mama mmoja tunayekutana chuoni tukienda kuchukua watoto, kila mtu ananitumia picha ya ripoti ya mwanawe ananiuliza hii ndo nini, kafaulu au kafeli. Mimi si mwalimu. Nina watoto watatu, wawili wameshapita kidato cha kwanza hapahapa Unguja, na yule wa mwanzo nilimkosea sana kwa sababu ya karatasi hii hii, ndo mana nataka nikwambieni mapema.

Msingi alikuwa hatoki kumi bora. Basi ripoti yake ya kwanza ya sekondari naifungua pale ukumbini naona Bayolojia 28 F, Hesabati 41 D, Kiswahili 47 C, nafasi ya 52 kati ya 71. Sikuuliza kitu. Nilimgombeza mbele ya wadogo zake, mpira wa jioni nikaukata, na mengine niliyomwambia siku ile siyaandiki hapa. Usiku kakaa na chai yake na boflo, kimya, hata nusu hakumaliza, akaenda kulala. Babaake ndo aliyeniuliza, "Maksi umeziona, mtihani wenyewe umeuona?" Sijauona.

Asubuhi nikamwambia mwanangu nitolee karatasi zako. Ya Bayolojia ilikuwa chini kabisa ya begi imekunjwa mara nne. Nikaitandaza kwenye mkeka tukaanza swali moja moja. Kulikuwa na swali la huduma ya kwanza, limebeba maksi 10, linataka aeleze hatua za kumsaidia mtu anayetoka damu puani. Yeye kaandika pua ni kiungo cha kunusia, mstari mmoja na nusu, kapata sifuri. Nikamuuliza kwa Kiswahili, haya mdogo wako anatoka damu puani sasa hivi utafanya nini? Akanijibu palepale bila kufikiri: namkalisha, ainamishe kichwa mbele asikirudishe nyuma, abane pua, apumue kwa mdomo, ikizidi tumpeleke hospitali. Yote hayo anayajua! Kwenye swali neno alilolielewa lilikuwa pua tu, yale mengine ya Kiingereza hakuyajua, akaandika alichokijua kuhusu pua.

Nililia jamani. Mana angepata hata 8 kwenye swali lile peke yake ile 28 ingekuwa 36, na 36 si F tena.

Hili la lugha nataka tulikalie kidogo mana ndo linalowaangusha wengi na kwenye ripoti haliandikwi popote. Mtoto msingi mambo mengi kaelezwa kwa Kiswahili, anaingia sekondari vitabu vya Kiingereza, mtihani wa Kiingereza, ukitoa Kiswahili na Kiarabu na dini. Kwa hiyo maksi za mwaka wa kwanza zinapima vitu viwili kwa pamoja, anajua somo kiasi gani na anaelewa swali kiasi gani, halafu unapewa namba moja tu. Namna ya kutenganisha ni kukaa naye na karatasi, msomee swali kwa Kiswahili, umsikilize. Akijibu, tatizo ni lugha. Asipojibu, hapo somo lenyewe hajalishika. Dawa zake ni mbali mbali, na ukimpeleka twisheni ya Bayolojia mtoto ambaye shida yake ni kutoelewa maneno ya kuulizia utatoa pesa bure. Sisi tulichofanya tuliandika yale maneno ya maswali, eleza, taja, tofautisha, fafanua, chora, kwa Kiingereza na maana yake pembeni, tukabandika ukutani juu ya meza anayosomea. Maneno hayafiki hata thelathini na yanajirudia masomo yote.

Sasa herufi. Skuli ya mwanangu inatumia mpangilio uleule wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wa kidato cha nne: A ni 75 mpaka 100, B ni 65 mpaka 74, C ni 45 mpaka 64, D ni 30 mpaka 44, F ni 29 kushuka chini. Angalieni chini ya ripoti au nyuma, kama mpangilio haukuandikwa muulizeni mwalimu wa darasa mana skuli nyengine zina wao. Lakini tazameni hiyo C ilivyo pana, maksi ishirini zote zimo ndani! Mtoto anaweza kutoka 46 akapanda mpaka 63, kafanya kazi kubwa mno, na ripoti ikaja na C ileile, mzee anasema hujasogea. Na mwengine katoka 64 kaja 65, maksi moja tu, anapongezwa kwa kupata B. Kwa hiyo mimi herufi siitazami tena kabla ya namba, na namba naiweka pembeni ya namba ya muhula uliopita.

Na wale wanaoona C wanahisi mtoto kapotea, piga hesabu kidogo. Kidato cha nne divisheni, yani daraja la matokeo yote kwa pamoja, inatafutwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni wani (ya kwanza) ni pointi 7 mpaka 17, ya pili ni 18 mpaka 21, ya tatu 22 mpaka 25, ya nne 26 mpaka 33, zaidi ya hapo ziro. Mtoto mwenye C saba tupu ana pointi 21, hiyo ni divisheni ya pili. Ila D saba ni 28, hiyo ni ya nne. Yani kazi kubwa ya miaka hii ya mwanzo ni kuzitoa D kuzipeleka C, na ukijua hivyo utajua pa kumsaidia, D ya 43 kwa mfano imebakisha maksi mbili tu iwe C, anza nayo hiyo.

Nafasi darasani ndo inayotuumiza roho kuliko vyote na ndo yenye habari kidogo. Wa 52 kati ya 71 ni kina nani hao 51 waliomtangulia? Kuna skuli watoto wamepangwa madarasa kwa uwezo, wa mwisho kwenye darasa la wenye uwezo mkubwa anaweza kumpita kwa mbali wa tano wa darasa la pili. Mimi nauliza wastani wa darasa kwenye lile somo. Hesabati yake 41 nilipouliza nikaambiwa wastani wa darasa zima ni 33. Kumbe mtoto niliyemkatia mpira yuko juu ya wenzake wengi kwenye somo lile. Na msimlinganishe na binamu yake anayesoma skuli nyengine, mtihani wa muhula kila skuli inatunga wake. Mpaka wafike kidato cha pili, ule wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, hapo ndo wote wanakaa kwenye karatasi moja.

Mambo haya si ya kwetu tu. Dada yangu yuko England, mwanawe wa kwanza alisoma sekondari enzi zile bado wanatumia viwango vya taifa, namba na herufi, sijui 4b, 5a, 6c. Siku moja ananipigia analia, mtoto muhula uliopita alikuwa 5a sasa kaletewa 6c, kashuka kutoka a mpaka c. Alipokwenda skuli wakamuelewesha, c ndo ngazi ya chini ya kila namba na a ndo ya juu, kwa hiyo kutoka 5a kwenda 6c mtoto kapanda. Viwango vile wenyewe walivifuta mwaka 2014, sasa kila skuli kule ina maneno yake, na mdogo wake ripoti zake hazifanani kabisa na za kaka yake. Mwalimu aliyeweka alama anajua alikusudia nini, sisi wazee lazima tumuulize.

Na kumuuliza kuna namna yake. Siku ya kikao cha wazee mwalimu kazungukwa na watu, hapo utapata salamu na "ajitahidi". Nenda siku nyengine, omba miadi, chukua karatasi zake mkononi. Usiulize mwanangu vipi. Uliza hizi maksi alizokosa ziko mada gani? Mimi wa Hesabati alichukua karatasi dakika kumi tu akanionyesha kwa kidole, namba hasi, hapa, hapa, na hapa tena, kila penye alama ya kutoa mtoto anaiacha njiani. Mada moja! Tukafanya maswali matano kila baada ya Isha kwa wiki mbili, kaka yangu ndo aliyekuwa akimsimamia kwa simu mana mimi hesabu hizo nimeshazisahau.

Kingine, angalieni kama ile namba ni ya mtihani peke yake au imechanganywa na majaribio na kazi za darasani. Mtoto akiumwa wiki ya jaribio akawekewa sifuri, wastani unashuka na hakuna atakayekumbuka sababu. Wangu wa pili ilimtokea, tulikwenda na cheti cha hospitali akapewa kurudia.

Muhula wa pili yule wa kwanza alileta Bayolojia 43 D, Hesabati 58 C, Kiswahili 62 C. Mtu akisoma herufi tu atasema Kiswahili kabaki palepale na Bayolojia bado mbovu. Mimi nilizisoma namba, kumi na tano Bayolojia, kumi na saba Hesabati, kumi na tano Kiswahili, nikamwita ukumbini palepale nilipomgombezea, wadogo zake wapo, nikamwomba radhi kwa yale ya mwanzo. Hakusema kitu, alicheka tu kwa aibu. Ila tangu siku ile karatasi za mtihani hazikunjwi tena, ananiletea mwenyewe, keshatia duara kwa kalamu nyekundu maswali anayotaka tukae nayo.