Aliyerithiwa hakuwa Bertha

Hapana ndugu, hapo umechanganya wake wawili. Umeuliza kama kweli Eadbald, mfalme wa Kent (ufalme wa kale kusini-mashariki mwa Uingereza), alimwoa mama yake mzazi, Bertha. Bertha, binti wa Charibert mfalme wa Wafranki kule Paris, alitangulia kufa. Mumewe, Æthelberht mfalme wa Kent, baba yake Eadbald, akaoa tena, na mzee alipofariki mwaka 616 Eadbald akarithi kiti pamoja na mama wa kambo, akamwoa. Kanisa lilichukia mno.

Bertha ndiye wa kumtazama vizuri. Aliolewa akiwa tayari Mkristo, akaja na askofu wake Liudhard, akawa anasali kanisa la Mtakatifu Martin pale Canterbury huku mume bado mpagani. Mwaka 597 Augustino, mmisionari aliyetumwa na Papa kutoka Roma, na wamonaki wake walipotua Thanet, kisiwa cha Kent, mfalme alikaa nao nje, peupe, kwa kuogopa kurogwa akiwa chini ya paa. (Mke anasali kila siku, wageni ndio wa kuogopwa!) Baadaye mfalme akabatizwa.

Binti wa Bertha, Æthelburh, naye aliolewa kwa mpagani, Edwin mfalme wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, akaenda na askofu wake, Paulinus. Sawasawa na Bertha.