Tarehe ya Mchujo Marekani: Nani Mwenye Kauli, Chama au Jimbo?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu kutoka Gulu, ninakofundisha historia na siasa katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba kuelekea uchaguzi wa 2008 Chama cha Democratic cha Marekani kiliwafutia wajumbe wote wanachama wake wa Florida na Michigan, kwa sababu majimbo hayo yalipanga mchujo mapema kuliko ilivyoruhusiwa. Hapa kwetu makao makuu ya chama yakishatangaza tarehe, matawi hufuata. Je, kule chama hakiwezi kuamuru tu? Na mwananchi aliyekwenda kupiga kura alikosa nini?

JIBU: Mwalimu, mwananchi huyo hakuwa na kosa lolote, na hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki.

Nchini Uganda mchujo ni mali ya chama. NRM ilipowachuja wagombea wake wa ubunge tarehe 4 Septemba 2020, ni chama chenyewe kilichopanga siku, kikateua wasimamizi na kuwataka wanachama wajipange mistari nyuma ya wagombea wao. Marekani, katika majimbo mengi, mchujo wa urais ni uchaguzi wa serikali: umewekwa na sheria ya jimbo, unagharimiwa kwa fedha za umma, na unasimamiwa na maofisa wale wale wanaosimamia uchaguzi mkuu. Mara nyingi tarehe huwekwa kwa sheria inayopitishwa na bunge la jimbo na kutiwa saini na gavana, ambao huenda wote wakawa wa chama pinzani. Chama cha kitaifa hakiwezi kuifuta sheria hiyo. Kilicho mikononi mwake ni mlango wa mkutano mkuu, ambako wajumbe wa majimbo yote humteua rasmi mgombea urais. Kwa hiyo adhabu yake kubwa ni kukataa kuwapokea wajumbe wa jimbo lililokaidi.

Majimbo hukaidi kwa sababu kutangulia kuna faida. New Hampshire tangu 1920, na Iowa tangu 1972, yalizoea kutangulia, na ingawa ni majimbo madogo, wagombea waliyazunguka miezi mingi wakisikiliza shida za wakazi wake, ilhali majimbo yenye mamilioni ya watu yalifikiwa mara nyingi wakati mshindi ameshajulikana. Malalamiko ya majimbo hayo makubwa yana haki ndani yake.

Kwa mwaka 2008, Democratic kiliruhusu Iowa, New Hampshire, Nevada na South Carolina peke yake kupiga kura kabla ya tarehe 5 Februari. Michigan ikajiwekea tarehe 15 Januari, na Florida, ambayo bunge lake na gavana wake walikuwa wa Republican, ikachagua tarehe 29. Huko Michigan jina la Barack Obama halikuwemo kwenye karatasi ya kura, kwa kuwa alikuwa ameliondoa, lakini la Hillary Clinton lilibaki. Huko Florida watu zaidi ya 1,700,000 walijitokeza katika mchujo wa Democratic huku wakiwa wameambiwa kwamba kura zao hazitaleta mjumbe hata mmoja. Republican nacho kiliyaadhibu majimbo hayo, ila kwa kuyapunguzia nusu ya wajumbe. Tarehe 31 Mei kamati ya kanuni ya Democratic ilikubali kila mjumbe awe na nusu kura, na mwezi Agosti, Obama akiwa ameshajihakikishia ushindi, wajumbe wakarudishiwa kura kamili.

Naiona adhabu ya namna hii kuwa dhuluma, kwa sababu mbunge wa jimbo aliyebadili tarehe habanwi na lolote, na anayenyang'anywa sauti ni mpiga kura aliyefuata sheria ya jimbo lake. Tena haidumu: chama kitazihitaji kura za watu hao hao mwezi Novemba, na majimbo yanalijua hilo. Mwaka 2012 Florida ilitangulia tena, tarehe 31 Januari, ikijua fika kwamba Republican kingeikata nusu ya wajumbe wake, na kweli kikaikata.

SWALI: Kwa nini mahakama zisimalize ugomvi huu? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliwahi kugusa jambo la karibu na hili mwaka 1981, katika kesi iliyohusu Wisconsin. Iliamua kwamba jimbo laweza kuendesha mchujo lipendavyo, lakini haliwezi kukilazimisha chama cha kitaifa kuwapokea wajumbe waliopatikana kinyume cha kanuni zake. Kwa uamuzi huo kila upande ulibaki na haki yake, na mvutano ukabaki pia. Kwa uchaguzi wa 2024, Democratic kiliamua South Carolina itangulie tarehe 3 Februari, ilhali sheria ya New Hampshire inaagiza mchujo wa jimbo hilo utangulie mingine ya aina yake kwa siku zisizopungua saba. New Hampshire ikapiga kura tarehe 23 Januari. Joe Biden hakujiandikisha huko, wafuasi wake wakaliandika jina lake kwa mkono, naye akashinda. Mwezi Agosti wajumbe wa New Hampshire walikaa katika viti vyao kwenye mkutano mkuu wa Chicago, na sheria ya jimbo lao haikuwa imebadilishwa.