Maswali yenu kuhusu John Charnley, mpasuaji wa nyonga

Toleo lililopita niliandika kwa kifupi habari za John Charnley, Mwingereza aliyetengeneza nyonga ya bandia iliyodumu. Mmeniletea maswali mengi. Nimechagua yale yaliyogusa niliyoyaacha.

Ulimwita "Bwana Charnley" badala ya "Dakta". Ni kosa la uchapaji? (Mwalimu, Tanga)

Si kosa, mwalimu wangu. Kule Uingereza daktari akishafaulu mitihani ya chuo cha kifalme cha wapasuaji huacha "Dakta" na kurudia "Bwana". Zamani matabibu ndio waliosoma chuo kikuu. Wapasuaji walijifunza kazi kwa mafundi, na kwa muda mrefu walikuwa chama kimoja na vinyozi. Jina lililokuwa la kuwashusha sasa wanalivaa kwa fahari. Charnley alifaulu mwaka 1936 akiwa na miaka 25, na mwaka 1977 Malkia akampa cheo cha "Sir".

Daktari mkubwa hivyo, kwa nini hakufanya kazi London? (Nesi, Morogoro)

Kwao kulikuwa Lancashire, mkoa wa kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa mjini Bury mwaka 1911, baba mfamasia, mama nesi kama wewe. Akasomea udaktari Manchester. Vita Vikuu vya Pili vikampeleka Dunkirk, Ufaransa, kisha Cairo, na mwaka 1947 akaajiriwa daktari bingwa Manchester. Lakini kazi iliyomjengea jina aliifanya Wrightington, hospitali ya kifua kikuu iliyoko mashambani karibu na Wigan. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana, vitanda vilianza kubaki vitupu, naye akapata nafasi ya kufungua kituo cha nyonga na karakana yake. Tena mkoa ule ulijaa viwanda vya nguo na watu waliojua kukereza chuma. Mimi naamini hospitali yenye hadhi ya mjini isingemwachia uhuru ule.

Nimesikia nyonga zake za kwanza ziliwaumiza watu. Mbona hukusema? (Msomaji, Mombasa)

Ningepaswa kusema, na nashukuru umeuliza.

Mambo yalianza na mlio. Mgonjwa mmoja aliyewekewa kichwa cha plastiki cha wakati ule, yaani tufe linalokaa juu ya mfupa wa paja na kuzunguka kwenye nyonga, alilalamika kwamba nyonga yake inapiga kelele kila akiinama, hata mkewe akawa anahama chumba. Charnley akatambua kuwa tatizo ni msuguano. Akatengeneza kichwa kidogo cha chuma cha pua, akakikalisha ndani ya kikombe, yaani tundu la nyonga ambamo kichwa huzunguka, cha Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Shina la chuma linalobeba kichwa hicho alilishika kwenye mfupa wa paja kwa saruji iliyotokana na plastiki ya madaktari wa meno.

Wagonjwa walifurahi kupita kiasi. Watu waliokesha kwa maumivu walitembea tena. Akawapasua takriban 300. Haikupita miaka mitatu Teflon ikaanza kusagika, na unga wake ukachokoza mwili na kula mfupa. Ikabidi awarudishe watu wale mezani na kuwatoa vikombe alivyowawekea kwa mikono yake. Ili ajue unga ule unafanya nini, alijidunga kidogo pajani mwake. Pakavimba.

Mwezi Mei 1962 mchuuzi mmoja alifika karakana na kipande cha plastiki ngumu, polietilini, iliyotumika kutengenezea gia za mashine za kufumia nguo. Charnley alikikwaruza kwa ukucha, akakidharau. Fundi wake, Harry Craven, hakukitupa. Bosi alipokuwa safarini, Craven alikifunga kwenye mashine ya majaribio, ikasaga usiku na mchana. Wiki zikapita, kikawa hakijalika kama Teflon ilivyolika kwa siku moja. Charnley aliporudi alikitazama, akakubali kuwa alikosea. Novemba mwaka huohuo akaanza kukiweka kwa wagonjwa. Ndiyo maana namtaja fundi Craven kila ninapomtaja Charnley.

Kwa nini kichwa cha nyonga yake ni kidogo sana, milimita 22 tu? (Mwanafunzi wa uuguzi, Kisumu)

Kichwa kikubwa kinasuguana mbali na kitovu cha mzunguko, kwa hiyo kinakivuta kikombe kwa nguvu zaidi. Kidogo huzunguka kwa wepesi, na huacha nafasi ya kikombe kinene.

Na usaha? (Msomaji, Dodoma)

Ulimsumbua sana: mwanzoni karibu wagonjwa 7 kwa kila 100 walipata maambukizi. Akajenga kibanda ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa ikishuka kutoka juu, na wapasuaji wakavaa mavazi yanayofyonza pumzi zao. Kiwango kikashuka chini ya mmoja kwa mia.

Alipofanikiwa, aliwauzia madaktari wote nyonga hiyo? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Hapana. Kwa miaka kadhaa kiwanda cha Thackray cha Leeds kiliruhusiwa kuwauzia wale tu waliokwenda kujifunza Wrightington. Madaktari wengine walimlaumu. Lakini huyu alikuwa ameshaona kikombe kikisagika ndani ya watu 300. Hata wagonjwa wake waliopona aliwaomba kitu kimoja: wakifa, nyonga irudishwe hospitalini ipimwe imelika kiasi gani. Wengi walikubali, na hadi alipofariki mwaka 1982 nyonga hizo zilikuwa bado zinarudi Wrightington.