Kichwa kinachobana jioni: jinsi ya kujikanda

Umeeleza kwamba kila jioni, baada ya saa nyingi mbele ya kompyuta, kichwa chako hubana pande zote mbili kana kwamba umefungwa kitambaa, na unauliza kama kujikanda kunasaidia. Mimi kulinisaidia, ingawa nilipoteza muda mwingi nikikanda paji la uso wakati chanzo kilikuwa shingoni.

Anzia kisogoni. Weka vidole gumba chini ya ukingo wa fuvu, katika vibonyeo viwili vilivyo kando ya uti wa shingo, kisha uegemeze kichwa nyuma taratibu ili uzito wake ndio ukandamize, nawe upumue polepole kwa nusu dakika hivi. Ukigusa mahali panapopeleka maumivu hadi nyuma ya jicho, tulia hapo bila kuongeza nguvu. Halafu minya misuli ya mabega, na umalizie kwenye panja na taya kwa miduara midogo, meno yakiwa hayajagusana. Usikandamize kabisa sehemu ya mbele ya shingo, kwa kuwa ndiko inakopita mishipa mikubwa ya damu.

Dawa za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa. Iwapo maumivu yatakuja ghafla na kwa ukali usio wa kawaida, au yataambatana na homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja, kutoona vizuri, au yatafuata pigo la kichwa, acha kukanda na uende hospitali mara moja.