Mdogo wako ana tegu kwenye ubongo: asinywe dawa ya minyoo bila daktari

Pole sana, dada. Umeuliza kama mdogo wako, aliyeanguka kifafa na kipimo cha kichwa kikaonyesha vifuko vya tegu (vyenye mnyoo huo ukiwa bado mchanga), anaweza kununua albendazoli, dawa ya minyoo, dukani na kuinywa nyumbani. Nakuomba, asifanye hivyo.

Mara nyingi hatari kubwa huja kifuko kinapokufa. Mwili hukishambulia, ubongo unaokizunguka unavimba, na kifafa kinaweza kuzidi. Ndiyo maana daktari huanza na dawa za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni, pamoja na dawa za kifafa, kisha ndipo albendazoli ifuate. Wenye vifuko hai zaidi ya viwili huongezewa prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo. Matibabu huchukua siku 10 hadi 14, mara nyingine zaidi, na kiasi cha dawa hukadiriwa kwa uzito wa mgonjwa. Kile kidonge kimoja cha minyoo ya tumbo hakitoshi kabisa.

Akachunguzwe macho kwanza, maana kifuko kikifia ndani ya jicho anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Vifuko vilivyokwisha kukauka na kuwa kama chokaa havihitaji dawa ya minyoo, ila kifafa bado kitatibiwa. Na ubongo ukiwa umevimba sana, dawa ya minyoo husubiri.

Asiache dawa za kifafa ghafla hata akijisikia vizuri. Kichwa kikimuuma vikali huku akitapika, au akichanganyikiwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Nyote mnaoishi naye mpimwe choo, kwani mayai ya tegu yanayoleta vifuko hivi yakimezwa hutoka kwa mtu mwenye tegu tumboni.